Mungu amejibu maombi ya kiwanja changu, mbona sina amani? Naombeni ushauri

Mkonze82
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko Dodoma, baba wa watoto watatu. Tangu mwaka jana nauza kiwanja, watu wanakuja, wanaangalia, wanaondoka. Mwezi wa saba mimi na mke wangu tukaingia kwenye mfungo wa siku 21. Siku ya 19 akapiga simu mama mmoja, mtumishi wa umma aliyehamia huku kutoka Dar. Akaja, akapapenda, tukakubaliana milioni 7. Mkopo wake umetoka wiki hii, Jumamosi tunaandikishiana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Shida ni kwamba silali. Nikipiga magoti maneno hayatoki. Mke wangu anasema ni adui anataka kutuibia baraka. Nifunge tena, au nishukuru tu nisonge mbele?

MamaZabibu
Amen kaka, hongera. Baraka ikikaribia vita huwa kali. Mimi siku moja kabla ya kupata kibanda changu Majengo niliumwa tumbo usiku kucha, asubuhi nikapewa funguo. Funga siku tatu kavu, usile wala kunywa.

Dalali_Nala
Eneo gani hilo? Tangu serikali itangaze kuhamia 2016, na Dodoma kuwa jiji 2018, kiwanja kisicho na kasoro hakimalizi mwaka sokoni. Kuna kitu hujasema.

Mkonze82
Eneo sitalitaja. Karatasi zote ziko sawa, hakuna mgogoro.

Dalali_Nala
Sijauliza mgogoro ndugu. Wale wa mwanzo walikuwa wanaondoka kwa nini?

MwinjilistiKikuyu
Mpendwa, kabla ya yote, zaka ya hizo milioni 7 umeshaitenga? Soma Malaki 3:10. Wengi wanakosa amani kwa sababu wanapanga matumizi kabla ya fungu la Bwana.

BintiHombolo
Mtumishi, zaka itasubiri. Kaka, mjibu dalali.

Mkonze82
Sawa. Nyuma ya kiwanja kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira. Mvua ikiwa kubwa maji yanapanda kona ya juu. Siyo kila mwaka! Mara ya mwisho ni zile mvua za mwisho wa 2023 kuingia 2024, yaliondoka na ukuta wa jirani. Wenyeji wanajua, ndiyo maana wanaondoka.

Lakini jamani, hata mimi nilipouziwa hakuna aliyeniambia. Mtu mzima akinunua ardhi si anachunguza mwenyewe? Halafu kianzio cha milioni 2 nimeshakitumia. Watoto walikuwa wamekaa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya ada. Nitatoa wapi nyingine?

BintiHombolo
Huyo mama aliuliza habari ya maji?

BintiHombolo
Kaka, nakuona uko hewani. Aliuliza?

Mkonze82
Aliuliza. Alisema, "Kaka, mimi ni mjane, nimesikia wewe ni mzee wa kanisa. Maji yanafika hapa?" Nikamwambia, "Dada, si unaona mwenyewe palivyo pakavu." Sikudanganya. Palikuwa pakavu kweli.

Babu_wa_Mpwapwa
Mwanangu, shikamoo za humu nimeziacha, nimekuja kwenye hilo neno lako la mwisho.

Ibrahimu naye alisema kweli. Sara alikuwa dada yake, binti wa baba yake ila si wa mama yake. Iko Mwanzo 20. Lakini neno hilo la kweli alilitumia kumfichia mfalme wa Gerari jambo alilopaswa kulijua, na mfalme huyo, mgeni, ndiye aliyemuuliza umetutenda nini. Sasa rudi nyuma sura mbili. Ibrahimu ametoka kuambiwa kwamba Sara atazaa mtoto wa kiume. Ameahidiwa mtoto kwa mwanamke huyu, kisha anaogopa kuuawa kwa sababu ya mwanamke huyu huyu! Ahadi ilikuwa mkononi, na hofu ikashika ulimi.

Wewe unasema Mungu amekujibu siku ya 19, halafu unamsaidia kwa maneno ya kuchagua, utadhani jibu lake litapasuka likiguswa na ukweli. Kama huyo mama ametoka kwa Bwana, ukweli hautamfukuza. Akiondoka, basi hukuahidiwa milioni 7, uliahidiwa kutunzwa, na hayo ni mambo mawili. Mimi nimekulia kwenye makorongo. Maji hayasahau njia yake, yatarudi, na safari hiyo yatakuta watoto wa mjane wamelala.

MamaZabibu
Babu umenigusa. Miaka ile nilikuwa nauza mafuta ya alizeti kwa galoni barabarani, tukayachanganya na ya bei rahisi. Mteja mmoja kutoka Singida alionja kwa kidole tu, akaniangalia, hakusema kitu, akaondoka. Yale macho nayaona mpaka leo. Kaka, kuhusu kufunga nimefuta kauli. Mwambie.

KijanaMakole
Samahani wakubwa, huu uzi mimi siuamini. Siku ya 19 kamili, mjane, mzee wa kanisa, ukuta wa jirani... kila kitu kimekaa mahali pake kama mahubiri. Na ada gani inalipwa mwezi wa nane? Watu wanatunga shuhuda ili tuandike amen.

Mkonze82
Ada ya muhula wa pili. Shule zilifunguliwa Julai.

MwinjilistiKikuyu
Hata kama umetungwa, somo limetufaa. Yesu alifundisha kwa mifano.

KijanaMakole
Mtumishi, mfano unajulikana ni mfano. Kwenye kundi letu la maombi kuna mtu alileta habari za mwanaye kulazwa, tukachanga, mama yangu akatoa hela ya dawa zake. Mtoto hakuwepo. Toka siku hiyo mama haombei mtu asiyemfahamu. Ndiyo maana nauliza, si kwa ubaya.

BintiHombolo
Pole sana mdogo wangu, na uko sahihi kuuliza. Hatuwezi kumkemea mtu kwa nusu ukweli huku tukisema uzi wa uongo una faida.

Dalali_Nala
Uwe wa kweli au wa kutunga, kiwanja cha namna hiyo nakijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama korongo lako linahesabika, atakayesema ni mtu wa mipango miji. Mpelekeni nyote wawili akaangalie kabla ya Jumamosi. Pengine sehemu iliyo mbali na korongo inajengeka, mkashusha bei. Kazi hii nimeifanya miaka tisa. Mteja aliyeambiwa kasoro mapema harudi na polisi.

Mkonze82
KijanaMakole, sina namna ya kukuthibitishia. Mpe pole mama.

Maneno ya babu nimeyasoma mara nne. Nimemwamsha mke wangu nikamsomea. Amelia, kisha akasema piga. Nimepiga mara mbili, hapokei. Nimemwandikia hivi: "Dada, siku ile uliniuliza maji nikakujibu ukavu. Maji yanafika, kona ya juu, mvua ikiwa kubwa. Nilikuficha. Milioni 2 zako nimezitumia. Ukitaka kuacha, nina ng'ombe wawili kwa baba yangu Bahi, nitauza nikurudishie, nitakayobakiza nitamalizia kidogo kidogo. Nisamehe."

Tiki zimekuwa za bluu. Kimya.

MamaZabibu
Tuko na wewe kaka. Hapa nimepiga magoti.

Dalali_Nala
Amejibu?

Mkonze82
Amejibu sasa hivi. "Kesho saa nne nakuja na fundi wangu. Utuonyeshe hiyo kona."