FAMILIA YA BABU, KIHESA IRINGA 🙏

*Alhamisi*

Shangazi Salome 06:12
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumamosi saa kumi alfajiri tunaondoka Dar, Jumapili ni posa ya Erasto. Noah ya Joeli itabeba watu saba, wengine basi. Hela ya mafuta mnitumie LEO. Joeli, gari iko tayari?

Shangazi Salome 09:40
Joeli?

Shangazi Salome 11:05
Naona mmesoma wote. Vidole vinauma?

Mama Neema 11:31
Amina

Joeli 12:48
Iko poa shangazi. Ila kichupa cha kulanti (maji ya kupoza injini) jana jioni kilikuwa kwenye FULL, asubuhi kimeshuka karibu na LOW. Naongeza maji tu

Fred 12:55
Usiongeze kwanza kaka. Injini ikipata moto kulanti inatanuka, mfuniko wa rejeta unaiachia iingie kwenye kichupa. Ikipoa inavutwa kurudi. Kinachohesabika ni kipimo cha asubuhi kabla hujawasha. Ikiwa kati ya LOW na FULL, iache

Baba Junior 12:57
Kumbe gari nayo inavimba mchana kama mimi nikila makande 🤣

Mama Neema 12:58
🤣🤣🤣

Shangazi Salome 12:58
Baba Junior hujatuma hata mia na unacheka.

Fred 13:02
Kaka, wiki iliyopita asubuhi ilikuwa wapi? Ikirudi palepale kila siku haina neno

Joeli 13:20
Wiki iliyopita niliongeza. Chupa ya lita moja na nusu. Fundi alisema ni joto la Dar, akanitoa na themostati, eti huku haihitajiki

Fred 13:24
🤦🏾‍♂️ Lita na nusu siyo kutanuka hiyo, inaenda mahali. Kagua mipira, wota pampu, chini ya rejeta. Kapeti la mbele likilowa na kunukia utamu, ni rejeta ya hita. Mapovu kwenye kichupa, moshi mweupe usioisha, oili kama chai ya maziwa: gasketi ya hedi. Na themostati irudishwe, bila hiyo injini haifiki joto lake, inakula mafuta bure

Ba'mdogo Titus 13:41
Kumbe mafuta tunayochangia yanaenda huko. Na gasketi naikumbuka. Ilikula laki na nusu yangu, nikaambiwa nitarudishiwa baada ya mazishi.

Joeli 13:43
Ba'mdogo, yale ya Chalinze si tuliyamaliza

Ba'mdogo Titus 13:43
Nani aliyamaliza?

Mama Neema 13:44
_Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Salome 13:45
TITUS. Tunaongelea posa.

Baba Junior 13:50
Mama Neema ulifuta nini 👀

Babu 19:22
Nimesomewa yote. Mlima Kitonga nimeupanda na lori la Bedford hamjazaliwa. Mshale wa joto ukipanda unasimama pembeni, unazima, mfuniko hauguswi mpaka rejeta ipoe. Utingo wangu alifungua ya moto. Uso wake haukurudi kuwa ule. Gari inayokunywa lita na nusu na hamjui inapeleka wapi haipandi Kitonga na wajukuu zangu. Titus, deni hilo ni langu. Njoo ulichukue kwangu.

Mama Neema 19:40
Shikamoo babu 🙏

Erasto 19:58
Shikamoo babu

Ba'mdogo Titus 20:31
Baba, sikuwa na maana hiyo.

Shangazi Salome 20:33
Kwa hiyo ni basi? Nani anakata tiketi saba?

*Ijumaa*

Joeli 06:03
📷 Picha
Jana usiku nilibandika selotepu kwenye usawa wa kulanti. Imeshuka kidole kimoja. Boksi nililotandika chini ni kavu

Fred 06:30
Ulibandika injini ikiwa ya moto au ya baridi?

Joeli 07:15
Nilikuwa ndo natoka Kariakoo

Fred 07:16
Basi hatujapima kitu kaka. Kabandike sasa hivi, halafu upite gereji wakupimie presha ya rejeta, na mfuniko pia

Shangazi Salome 07:20
Mimi sielewi selotepu. Jazeni majina.
NOAH: 1. Joeli 2.
BASI: 1. Salome 2. Mama Neema 3.

Baba Junior 07:44
Niweke Noah mpaka Morogoro 🤣

Ba'mdogo Titus 09:10
Niandike basi. Nauli kateni kwenye ile laki na nusu.