Msitu wa serikali ufungwe kabisa, au utumike kwa mpango?

Jirani wa Msitu
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi kwenye milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, na shamba letu linapakana na mkuza wa hifadhi. Amani, msitu wa huku kwetu, ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo nchini, na tangu hapo misitu mingine imepandishwa hadhi hiyo. Baba yangu, aliyelima iliki chini ya miti kwa miaka mingi, hushikilia kwamba msitu wa umma ni wa kutumiwa, na kwamba mbao, kuni, dawa na viungo vyote vinaweza kutoka humo kwa utaratibu. Mimi naona utaratibu huo ndio mlango wanaopitia wanaoumaliza. Je, msitu uliobaki ufungwe kabisa, au mzee ana hoja nisiyoisikia?

Bwana Miti Mstaafu
Mzee ana hoja, ila si katika iliki. Iliki hutaka kivuli, ndiyo maana mkulima huiacha miti mikubwa, na mpita njia akitazama kutoka barabarani huapa kwamba msitu ni mzima. Ingia ndani utazame chini: miche imefyekwa yote ili iliki ipate nafasi, kwa hiyo mti mkubwa ukianguka hauna mrithi. Miaka ikipita udongo huchoka, mavuno hupungua, na hapo ndipo hata miti iliyoachwa hukatwa kupisha mihogo au miwa. Uvunaji wa mbao kwa mashine uliofanyika huko katika miaka ya 1970 na 1980 uliharibu kwa kasi zaidi, nao ulikuwa na vibali. Anayehitaji mbao aelekezwe kwenye misaji ya Longuza, iliyopandwa kwa kazi hiyo katika wilaya hiyo hiyo ya Muheza.

Mama Asha
Shikamoo mzee wangu. Ya iliki nakubali, lakini tusizungumze kana kwamba kufunga hakuna gharama. Wakulima wa Derema, msitu mwingine wa huku Usambara Mashariki, walilipwa fidia ya mazao yao msitu ule ulipochukuliwa kuwa hifadhi. Fidia hupokelewa mara moja, ilhali ada ya shule hudaiwa kila mwaka. Tena hata Amani yenyewe haikufungwa kabisa, kwa kuwa wanavijiji huruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Tazameni pia mti wa msambu. Tunda lake zito huanguka lenyewe likiiva. Sisi huyakusanya, tukayafunika kwa majani hadi nyama yake ilainike, kisha tukazikamua mbegu kwa mikono na kuzianika ili zikauzwe kwa ajili ya mafuta. Hakuna panga lililoinuliwa hapo. Mtu akiniambia kwamba kazi hiyo na msumeno ni kitu kimoja kwa sababu vyote huitwa matumizi, nitamwomba aje tushinde naye siku moja msituni.

Mkazi wa Tanga
Mjini tunakunywa maji ya Mto Zigi yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani, nayo huanzia katika misitu hiyo. Ankara ya maji ninalipa kila mwezi, lakini sijawahi kuona mahali palipoandikwa fungu la Mama Asha.

Bwana Miti Mstaafu
Marahaba, mama. Kuhusu msambu umenishinda, ingawa ningetaka sehemu ya matunda iachwe chini, maana mbegu zikiokotwa zote tutarudi kule kule kwa iliki, penye miti mikubwa isiyo na miche. Na wanaotaka msitu usiguswe kabisa nina swali kwao: mhesi mtaufanyaje? Mti huo si wa asili ya Usambara. Ulipandwa, kisha ukaenea katika nafasi zilizoachwa wazi na uvunaji. Kanuni ikikataza kukata mti wowote, inaulinda mgeni pamoja na mwenyeji.

Jirani wa Msitu
Nimemsomea baba majibu yote. Kuhusu miche ya iliki alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hata yeye aliifyeka. Ila kwenye mhesi alicheka, akauliza: ukiruhusiwa kukatwa, msumeno atapewa nani, na gogo litalala kwa nani? Bwana Miti, enzi zenu jambo hilo liliamuliwa na ofisi ya misitu peke yake, au kijiji nacho kilikaa mezani?