Mrejesho: dawa ya maumivu ya kifua kwa baba yangu

Habari zenu wakubwa. Wiki sita zilizopita niliwauliza ipi inamfaa mzee wangu mwenye anjaina (maumivu ya kifua moyo unapokosa damu ya kutosha), atenololi aliyokuwa akiitumia au amlodipini, maana kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake.

Asanteni sana mlioniuliza kama baba ana pumu. Anayo tangu ujana, na halikuandikwa popote kwenye karatasi zake! Daktari wa moyo alipolisikia aliweka kalamu chini. Atenololi hupunguza mapigo ili moyo usihitaji oksijeni nyingi, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa. Kumbe ndiyo maana usiku kifua kilikuwa kinalia kama filimbi. Daktari hakumkatisha atenololi ghafla, alimpunguzia kidogo kidogo, kwani kuiacha kwa mkupuo kunaweza kuamsha maumivu upya.

Sasa yuko kwenye amlodipini, inayolegeza mishipa ya damu. Jioni miguu inavimba kidogo, soksi zinaacha alama. Tumeambiwa dawa hiyo hufanya hivyo, tuiangalie tu. Asprini (ya kuzuia damu kuganda) na atovastatini (ya kushusha kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) zinaendelea.

Nitrogliserini ya chini ya ulimi anaiweka akiwa ameketi, kwa sababu presha hushuka. Kichwa humgonga, ila kifua kinaachia. Zikipita dakika 5 bila nafuu, tunakimbilia hospitali. Tena haichanganywi kabisa na dawa za nguvu za kiume, kwa hiyo waulizeni wazee wenu bila haya.

Jana alitembea hadi msikitini na kurudi, hakusimama njiani hata mara moja.