Mkataba wa hita ya sola: wamefuta kioo kwa KITAMBAA, wakasaini kadi, wakaondoka!

Kyaliwajjala_Juu:
Banange, mnawajua. Wale wenye pikapu nyeupe, ambao kuanzia Naalya hadi Kira, huku pembeni mwa Kampala, hakuna geti ambalo hawajachomeka kadi yao. Siwataji, hakuna haja.

Leo wamekuja kwa "servisi ya mwaka". Shilingi 450,000 walishakula mapema. Kijana amepanda juu ya paa, amefuta kioo cha paneli kwa kitambaa kikavu, akashuka. Chai waliyoandaliwa haijapoa! Kwenye kadi ameandika: "Tangi SAWA, anodi SAWA, valvu SAWA."

Anodi SAWA? Anodi ni fimbo ya magnesi iliyo NDANI ya tangi! Tangi la lita 200 la enameli ni chuma cha kawaida kilichopakwa tabaka ya kioo kwa ndani, na tabaka hiyo haikosi vitundu. Fimbo hiyo ndiyo inaliwa na kutu badala ya chuma. Ikiisha, linaliwa tangi. Kuiona lazima ufungue flenji, kile kifuniko cha tangi chenye bolti, na kufungua flenji lazima umwage maji. Lita 200 zikishuka kutoka paani mtaa wote unajua. Uwanja wangu ni mkavu, vumbi tupu. Hakuna hata tone!

Kitambaa, jamani. Kitambaa. Mkataba wa namna hii mnaulipia nini?

fundi_ntinda:
Bosi, una haki ya kuwaka. Servisi ya kweli iko hivi. Zima swichi ya hita na breka yake. Funga koki ya maji baridi yanayoingia, fungua bomba la moto ili presha itoke, unga mpira, mwaga maji. Toa kifuniko cha nyaya na upime kwa testa kwanza. Legeza bolti za flenji, vuta elementi (koili ya umeme inayopasha maji) na anodi. Anodi ikibaki nusu ya unene wake, au waya wa katikati ukionekana, badilisha. Toa tope lililolala chini. Gasketi, yaani mpira wa kuziba flenji, weka MPYA, ile ya zamani ikishaminywa haizibi tena vizuri. Bolti kaza kwa kukingama, ukizifuata kwa mzunguko flenji inakaa upande na kuvuja. Jaza hadi bomba la moto litoe maji bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Ukiwasha umeme tangi likiwa tupu, elementi inaungua hapo hapo.

Kabla ya kufunga, mita ya kupimia omu iguse elementi. Ya kilowati 2 kwa volti 240 isome karibu omu 29, ya kilowati 3 karibu 19. Kati ya elementi na mwili wa tangi isisome kitu. Ikisoma, ndiyo hiyo inayoangusha breka na kupiga watu shoti bafuni.

Kwa watu wawili hii ni kazi ya saa moja na nusu hadi mbili. Aliyeshuka chai ikiwa moto hakufungua kitu.

Mama_Bweyogerere:
Na hiyo "valvu SAWA", valvu ya usalama inayotoa presha, ndiyo inaniudhi kuliko hata anodi. Je, alinyanyua kile kishikio? Kila miezi sita kinyanyue, maji yatoke kwa nguvu, kiachie, yakatike. Yasipokatika, kuna uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu.

Watu wakiona valvu inadondosha hita ikipata moto, wanaiziba na plagi. Wanangu, msithubutu! Lita 200 zikitoka nyuzi 22 hadi 60 zinaongezeka karibu lita 3. Zitapitia wapi? Matone wakati wa kupasha moto ni kawaida. Inayomwaga mchana na usiku hata maji yakiwa baridi, hiyo ni mbovu, au presha ya mtaa iko juu na unahitaji kipunguza presha.

Sanga_Mkavu:
450,000 za kufutiwa kioo 😂😂 Ssebo, mvua ya Aprili inakifuta bure! Karatasi uliisoma kabla ya kutoa pesa? "Ukaguzi" na "matengenezo" si kitu kimoja. Wamekukagua kweli kweli.

Kyaliwajjala_Juu:
@Sanga_Mkavu karatasi inasema "servisi kamili". KAMILI! Kwa kitambaa kikavu, ambacho hata kinakwaruza kioo kwa mchanga.

Mpangishaji_Najjera:
Tuliza moyo tupige hesabu. Maji ya bomba ya National Water, shirika letu la maji, yanayotoka Ziwa Victoria ni laini, hayaachi chokaa nyingi. Tangi jipya lifunguliwe baada ya mwaka mmoja, uone anodi imeliwa kiasi gani. Ikiwa imara, baada ya hapo kila miaka miwili. Maji ya kisima kirefu yenye chokaa, kila mwaka, maana elementi inavaa ganda, inapata moto kupita kiasi na kukatika.

Kwa hiyo nyumba moja yenye maji ya National haihitaji mkataba. Ita fundi, nunua anodi na gasketi mwenyewe, simama pale akifungua. Mwenye fleti nane na hita nane, mkataba una faida, mradi uandikwe: anodi na gasketi ziko ndani ya bei au la, akiitwa anafika ndani ya saa ngapi, elementi ikiungua nani analipa. Na anodi kuukuu UKABIDHIWE mkononi. Kampuni ikikataa sharti hilo, usisaini.

Soma pia dhamana ya tangi. Nyingi zinafutika anodi isipoangaliwa.

kato_wa_mirija:
Wenye hita za mirija ya kioo badala ya paneli, angalieni ncha ya chini. Rangi ya fedha ikigeuka nyeupe, ombwe (utupu wa ndani) limetoka na mrija huo haupashi tena. Unabadilishwa mmoja tu, si seti nzima kama hao wezi wanavyodai. Na msijaze maji baridi saa sita mchana mirija ikiwa mikavu, inapasuka. Jazeni alfajiri.

Inveta_Mukono:
Nyinyi mna bahati, kitambaa angalau hakiui kitu. Wa kwetu wa mkataba wa inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, wamejaza betri MAJI YA BOMBA!

Mama_Bweyogerere:
@Inveta_Mukono weee! Madini ya maji ya bomba yanaharibu sahani za ndani ya betri. Ni maji yaliyotoneshwa tu.

Inveta_Mukono:
Tena wamejaza hadi mdomoni kabla ya kuchaji, asidi ikafurika juu ya nyaya zote. Maji huongezwa betri ikishajaa chaji. Kabla ya hapo unafunika sahani tu kama ziko wazi.

Kyaliwajjala_Juu:
Jamani, turudi kwenye kitambaa.

Sanga_Mkavu:
Kitambaa tumeshakisikia, mzee. @Inveta_Mukono umepima kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi?

Inveta_Mukono:
Seli tano zinasoma 1.260, moja 1.190.

fundi_ntinda:
Iliyojaa inasoma karibu 1.265. Tofauti ikizidi 0.050 kati ya seli, hiyo ya chini inakufa. Ichaji hadi mwisho, pima tena kesho. Ikibaki hapo, toa betri hiyo kwenye seti kabla haijavuta zingine. Nyaya zilizomwagikiwa asidi osha, kausha, paka vaselini kwenye ncha.

kato_wa_mirija:
Na usichanganye mpya na kuukuu. Ukibadilisha, badilisha seti.

Inveta_Mukono:
Seti ni betri nne! Nani atanilipa?