Mboni za mwanangu hazitulii: je, hali hii ina tiba?

Mama Neema
Habari zenu, ndugu zangu. Mwanangu mwenye ualbino ana miezi minne, na tangu mwezi uliopita mboni zake huenda kushoto na kulia bila kutulia, hata anaponyonya huku akinitazama. Mama mkwe anasema jicho likicheza kuna mgeni njiani, lakini mimi silali. Je, hutibika? Na mtoto huiona dunia ikiyumba?

Mhudumu wa macho
Pole, mama. Jicho la mgeni analolisema mkweo ni kope kucheza, jambo linaloletwa na uchovu au kukosa usingizi, na huisha lenyewe. Kwa mwanao kinachotembea ni mboni, na hali hiyo huitwa nistagmasi. Huwapata watoto wengi wenye ualbino katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayoona vitu vidogo haikukomaa sawasawa. Dunia haimyumbii, kwani ubongo wake umezoea tangu mwanzo. Dawa ya kuyatuliza kabisa haipo, ila miwani iliyopimwa vizuri na kofia pana humsaidia kuona. Hata hivyo mpeleke akapimwe, maana mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao huweza kuleta mtikisiko kama huo, na upasuaji wake haungoji.

Babu wa Pangani
Mimi yalinianza ukubwani, na kwangu mistari ya gazeti ilirukaruka hasa. Ilibainika kuwa kipimo cha fenitoini, dawa yangu ya kifafa, kilikuwa kimezidi; daktari alipokipunguza, macho yakatulia. Kwa wengine chanzo ni sikio la ndani. Lakini mtu mzima anayeanza ghafla, tena ulimi ukiwa mzito au upande mmoja umelegea, akimbizwe hospitali, kwani huenda ni kiharusi.

Mwalimu wa hesabu
Mama Neema, nina ualbino na macho yangu hutikisika tangu utotoni. Nikigeuza uso kulia kidogo na kutazama kwa pembeni, hupungua mno. Mwalimu wangu wa darasa la pili alidhani ni utundu, akawa ananishika kidevu na kuninyoosha, na kila aliponinyoosha herufi za ubaoni zilinipotea. Wapo wanaofanyiwa upasuaji wa misuli ya macho ili pembe hiyo ya utulivu isogee mbele, mimi sikuuhitaji. Mwanao akianza kuinamisha shingo ili aone, mwache hivyo hivyo, na umweleze daktari ni upande gani.