Mwalimu wa msingi nataka kuhamia unesi, naanzia wapi?

Mleta mada: Wakuu habari. Mimi mwalimu wa msingi gredi A, nipo serikalini halmashauri moja huku kanda ya ziwa, miaka 33, mke na mtoto mmoja. Ualimu sijauchukia ila moyo uko hospitali toka zamani, matokeo ya kidato cha nne ndo yalinisukuma chuo cha ualimu. Baiolojia nina C, Kemia D, Kiswahili B, Fizikia F. Je diploma ya unesi naingia na hiyo F? Na kazi niache au kuna namna? Matusi sitaki jamani.

Nesi wa zamu: Mkuu na hiyo F hupenyi. Diploma ya unesi na ukunga wanataka D nne na kuendelea, humo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na masomo ya dini hayahesabiwi. Usije ukamtumia mtu hela ya chai eti akupenyeze, NACTVET, wale baraza la elimu ya ufundi, wanaona matokeo yako ya NECTA (baraza la mitihani) yote. Rudia Fizikia tu kama mtahiniwa wa kujitegemea, kujisajili ni mwanzoni mwa mwaka, mtihani Novemba. Ila tafuta kituo chenye maabara ya kweli, vitendo ndo vinaua watu, unakuta mtu nadharia yote anayo lakini ameta, ile ya kupima mkondo wa umeme, anaiunga sambamba kama voltimita badala ya mfululizo, sindano haieleweki, muda unaisha anatoa macho tu. Ukipita hapo chuo miaka mitatu, halafu mtihani wa baraza la wauguzi ndo upate leseni.

Mama Wawili: Kazi usiache mwalimu wangu!! Andika barua ya ruhusa ya masomo kupitia kwa mwalimu mkuu mpaka kwa mkurugenzi, na usiondoke kabla jibu halijatoka kwa maandishi. Kuna mwenzetu aliaga kwa mdomo tu, akaja kuandikwa mtoro, mshahara ukasimama yuko mwaka wa kwanza na ada inadaiwa. Wanaweza wakakukatalia pia maana kozi siyo ya kada yako, jiandae. Ukimaliza unaomba kubadilishiwa kada, utoke TGTS (ngazi ya mishahara ya walimu) uende TGHS (ya watumishi wa afya), na hapo inategemea kama nafasi ipo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti, siyo ya kesho asubuhi hiyo.

Mzee wa Chaki: Mi naona unajitesa bure, manesi wenyewe kibao wako mtaani na leseni zao. Si ujiendeleze hukohuko ualimu?

Nesi wa zamu: Mzee yeye tayari ana ajira, hesabu yake siyo ya aliyeko mtaani. Halafu walimu wakija kwetu wanatusaidia sana kliniki ya mama na mtoto, kumwelekeza mama dozi mpaka airudie mwenyewe bila kukosea siyo kila nesi anaweza, wengi tunasoma kikaratasi haraka haraka tunaita mwingine. Ila zamu za usiku mwambie mkeo mapema.

Mleta mada: Asanteni sana, Fizikia narudia. Kituo chenye maabara Mwanza au Geita kinachopokea watu wa jioni nani anakijua? Mchana nipo darasani.