Polytopia: nyota 5 za mwanzo ziende kwa wanyama, askari au teknolojia?

Mfugaji_wa_Nyota:
Wakuu, habari za leo. Nimechoka kusikia "jenga uchumi kwanza" na "sambaa haraka" bila mtu kuweka hesabu mezani. Naomba leo tulinganishe kwa nambari, kwenye Polytopia, mchezo wa mkakati wa zamu ambao nyota ndizo fedha zake.

Nachukua Bardur, mojawapo ya makabila manne ya bure (mengine ni Imperius, Xin-xi na Oumaji). Huanza na teknolojia ya uwindaji. Mkononi una nyota 5, askari mmoja, na mji mkuu wa ngazi ya 1 unaoingiza nyota 2 kila zamu. Kuwinda mnyama ni nyota 2, askari wa kawaida naye nyota 2.

Njia A: unawinda wanyama wawili zamu ileile ya kwanza. Mji unapanda ngazi ya 2, unachagua karakana (zawadi ya kupanda ngazi inayoongeza mapato), mapato yanafika nyota 4.
Njia B: mnyama mmoja na askari mmoja. Mnyama wa pili anasubiri zamu ijayo.

Mimi ni wa A. Karibuni mkosoe.

Zamu30:
Mkuu umeanza vizuri, ngoja nimalizie hesabu.

Ukifuata A, unafunga zamu ya kwanza na nyota 1. Ya pili unaanza na 5, unatoa (yaani unanunua) askari, zinabaki 3. Ya tatu unaanza na 7.

Ukifuata B, nako unafunga na 1. Ya pili unaanza na 3, unawinda, mji unapanda, karakana inaingia, inabaki 1. Ya tatu unaanza na 5.

Kufikia hapo wote wawili mna karakana na askari wa ziada mmoja. Tofauti ni kwamba askari wa B alitoka zamu moja mapema, na amekugharimu nyota 2. Sasa kijiji kisicho na mwenyewe kikishatekwa kinakuwa mji wako na kinaingiza nyota 1 kwa zamu. Kukiwahi kwa zamu moja ni faida ya nyota 1. Umelipa mbili kupata moja. Kwa mchezo wa zamu 30 wa kutafuta alama, sioni mjadala hapa.

KisiwaChaKaskazini:
Zamu30, hesabu yako ni safi lakini umecheza peke yako kwenye ramani. Weka mpinzani.

Askari wa kawaida anatembea kigae kimoja tu (kisanduku kimoja cha ramani) kwa zamu, na akifika kijijini hateki hapo hapo, anasubiri zamu inayofuata. Kwa hiyo kijiji kilicho vigae vitatu kutoka alipo kinakula zamu nne. Kwenye ramani ndogo, hasa yenye nchi kavu tupu, mpinzani yuko njiani kuelekea kijiji hicho hicho. Akikuwahi kwa zamu moja, hujapoteza nyota 1. Umepoteza mji, mipaka yake, na matunda na wanyama waliomo ndani yake, na sasa utaupata kwa vita tu. Hizo nyota 2 za njia B ndizo bima ya kitu hicho.

Halafu kumbuka mji unatoa askari mmoja kwa zamu, kwa sababu anazaliwa juu ya kigae cha mji na hasogei mpaka zamu ijayo. Zamu uliyoiacha bila kutoa askari hairudi hata ukija kuwa na nyota 20.

Mfugaji_wa_Nyota:
Hoja ya kigae cha mji nakubaliana nayo kabisa, sikuwa nimeipa uzito. Lakini zamu ya kwanza mawingu yamefunika kila kitu. Unajuaje kama mpinzani yuko karibu?

KisiwaChaKaskazini:
Hujui, ndiyo maana unaangalia ukubwa wa ramani na idadi ya wachezaji kabla ya kuanza. Ramani ndogo kabisa yenye wapinzani kadhaa, B. Ramani kubwa yenye maji mengi, A bila kusita.

Farasi_wa_Jangwani:
Wadau, mnaongea kana kwamba kila mtu ana wanyama wa kuwinda tangu mwanzo. Sisi wa Oumaji hatuna teknolojia yoyote ya kuvuna. Tuna mpanda farasi, vigae viwili kwa zamu, na mwingine ni nyota 3. Chaguo letu ni kutoa farasi wa pili au kumaliza nyota zote 5 kwa uwindaji.

Mimi hutoa farasi. Farasi wawili wakielekea pande tofauti, mawingu yanafunguka haraka, na ndipo najua ninunue uwindaji au uvunaji wa matunda. Kununua teknolojia kabla hujaona kilichomo kwenye ardhi yako na vijiji vya jirani ni kubahatisha kwa mtaji wako wote.

Bibi_Ramani:
Farasi, sawa, ila angalia bei. Teknolojia ya daraja la kwanza ni nyota 5 ukiwa na mji mmoja, 6 ukiwa na miwili, 7 ukiwa na mitatu. Ya daraja la pili inakwenda 6, 8, 10. Kila kijiji unachoteka kinapandisha bei.

Wapo wanaochelewesha kuteka ili wanunue kwa bei ya chini. Msifanye hivyo; kijiji kinaanza kulipa mara moja na mpinzani hasubiri. Panga tu mpangilio ndani ya zamu moja: nunua teknolojia kwanza, kisha bonyeza kuteka. Ni zamu ileile na bei ni ya chini. Naona wachezaji wazuri kabisa wakiruka jambo hili.

Zamu30:
Dada Bibi_Ramani, hili ni dhahabu. Swali: kijiji na magofu vikiwa umbali sawa, askari mmoja, unaenda wapi?

Bibi_Ramani:
Kijiji. Magofu yanaweza kukupa nyota 10 au teknolojia ya bure, na mapema hivyo nyota 10 ni zaidi ya mapato ya zamu mbili za mji wenye karakana. Lakini ni bahati, na ukishayachunguza yamekwisha. Kijiji ni mapato mpaka mwisho wa mchezo, na pia ni mahali pa pili pa kutolea askari. Askari huyo mpya ndiye aende kwenye magofu.

Nabadilisha pale tu ninapomwona farasi wa mpinzani karibu na magofu na kijiji kiko upande wangu.

Farasi_wa_Jangwani:
Na hapo ukiwa Oumaji unachukua vyote viwili.

KisiwaChaKaskazini:
Kama mlima hauko katikati. Pasipo teknolojia ya kupanda milima farasi wako anazunguka, na Xin-xi, anayeanza nayo, anapita juu huku akiona vigae viwili kila upande. Mfugaji, jaribu A yako dhidi ya Xin-xi kwenye ramani ndogo, kisha urudi hapa na hesabu.